Viwanda Vipo Kibaha, Shahada Iko Wapi?

Dutumi ni kata ya wakulima na wafugaji katika wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani. Dawa zinazotokana na viumbe hai huwafikia watu wake kwa njia mbili zisizokutana. Ya kwanza ni fupi: chanjo ya kideri anayodondoshewa kuku jichoni, na ile ya kimeta na chambavu anayochomwa ng'ombe, huzalishwa Kibaha mjini, mkoa uleule. Ya pili ni ndefu mno. Chanjo ya surua ya mtoto, insulini anayoihitaji mzee mwenye kisukari, dawa ya sumu ya nyoka kwa mkulima aliyeumwa akipalilia, zote zimetengenezwa nje ya Afrika Mashariki, zikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ndipo zikaanza safari ya barabara kuelekea hospitali na zahanati.

Kwa nini mifugo ya Dutumi ipate chanjo ya nyumbani na binadamu wa Dutumi asubiri ya ng'ambo? Jibu la haraka ni fedha, na fedha kweli ni sehemu ya jibu. Lakini ukiichimba habari hii utafika kwa watu. Tunao watafiti wanaogundua, madaktari wanaofanya majaribio kwa wagonjwa, na wadhibiti wanaokagua. Wachache mno ni wale wa katikati, wanaojua kuchukua kilichofanikiwa katika chupa moja ya maabara na kukigeuza kuwa dozi milioni moja zinazofanana. Watu hao hupikwa katika ngazi ya uzamili na uzamivu, na masomo yetu ya ngazi hiyo yamejengwa zaidi kwa ajili ya wale wengine. Hoja ya makala haya ni kwamba shahada ya kutengeneza dawa za kibaiolojia inapaswa kujengwa Kibaha, ndani ya viwanda vyenyewe, na kwamba ianzie kwenye chanjo za mifugo.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa mtu hawezi kuona kwa nini haifundishiki darasani peke yake. Vidonge vingi tunavyomeza ni kemikali ndogo. Molekyuli ya parasetamoli ina atomu 20 tu. Mkemia akiwa na fomula na malighafi safi ataitengeneza Nairobi, Mumbai au Kibaha, na itakuwa ileile. Insulini ya binadamu ina atomu zaidi ya 700. Kingamwili inayotumika kutibu saratani ya matiti ina maelfu kwa maelfu ya atomu, na hakuna mkemia anayeziunganisha moja moja. Dawa ya namna hiyo huoteshwa. Bakteria, hamira, seli ya mnyama au yai lenye kijusi hufanya kazi, na kiwanda hubaki kuwa mlezi. Ukibadilisha joto, chakula, hewa au kiwango cha asidi, kiumbe kile kitakutolea kitu tofauti kidogo na cha jana, na tofauti hiyo ndogo yaweza kuwa ndiyo inayomdhuru mgonjwa au inayoifanya chanjo isikinge.

Safari huanzia kwenye benki ya mbegu. Vichupa vidogo vya seli au vimelea huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili kila mwaka kazi ianze kutoka chanzo kilekile. Kutoka hapo mbegu hupandwa katika chupa ndogo, kisha kubwa, kisha tangi la kuchachushia. Hapa ndipo wengi waliofaulu maabara huanguka. Katika chupa ya lita moja hewa na joto husambaa kwa urahisi. Katika tangi la lita 1,000 ujazo umeongezeka kuliko eneo la kuta zake, kwa hiyo joto linakosa pa kutokea, hewa haifiki katikati, povu linapanda na chembe dhaifu zinapasuliwa na pangaboi la kukorogea. Baada ya mavuno huja kusafisha: kuchuja, kutenganisha protini inayotakiwa na maelfu ya uchafu, kuondoa sumu za bakteria zinazoleta homa hata bakteria wenyewe wakiwa wameshakufa. Halafu huja kuichanganya dawa na viungo vya kuitunza, kuikausha kwa baridi, kuijaza vichupani mahali ambapo hata pumzi ya mfanyakazi hudhibitiwa, na kuipima. Kipimo cha kuthibitisha kwamba bechi haina vijidudu huchukua siku 14 za kusubiri. Bechi ikikataa siku ya 14, kazi ya wiki nyingi humwagwa, na lazima apatikane mtu atakayejua kilichoharibika kilikuwa wapi.

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Somo lake lina biolojia, uhandisi, takwimu na sheria, na lina kitu kingine kisichoandikwa vitabuni: mazoea ya kukaa na tangi usiku kucha ukaona mstari wa oksijeni ukishuka kabla kengele haijalia.

Sasa tazama kilichopo Kibaha. Taasisi ya Chanjo Tanzania, iliyo chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA), huzalisha chanjo za magonjwa yanayomaliza mifugo yetu: kideri, kimeta, chambavu, mchanganyiko wa kimeta na chambavu, ugonjwa wa kutupa mimba, na homa za mapafu za ng'ombe na za mbuzi. Hester, kampuni kutoka jimbo la Gujarat nchini India, nayo imejenga kiwanda cha chanjo za mifugo hapohapo Kibaha. Na katika eneo la viwanda la TAMCO kipo kiwanda cha Tanzania Biotech Products, mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilichojengwa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Hicho hakitengenezi dawa ya kuchoma wala ya kumeza. Huotesha bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu: vimelea hao hujitengenezea fuwele za protini, kiluwiluwi akizimeza utumbo wake huharibika, na samaki, ng'ombe na binadamu hawadhuriki. Uwezo wake uliotangazwa ni lita milioni 6 kwa mwaka.

Viwanda vitatu vya viumbe hai katika mji mmoja wa Pwani, vyenye matangi, mayai, vikaushio, vyumba safi na maabara za kupima ubora. Nchi nyingi za Afrika hazina hata kimoja. Hata hivyo mwanafunzi wa uzamili anayesoma baiolojia ya molekyuli hapa nchini anaweza kuanza na kumaliza shahada yake bila kukanyaga hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Jambo hili linaniuma.

Mkazo wangu juu ya mifugo una sababu ya kihistoria. Kila mara Afrika Mashariki ilipotengeneza dawa ya kibaiolojia ya maana, ilianzia zizini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hapa Tanganyika, waganga wa mifugo walipata kimelea dhaifu cha homa ya mapafu ya ng'ombe, wakakipitisha katika mayai yenye vijusi mara 44 mfululizo. Mbegu hiyo, T1/44, imekuwa msingi wa chanjo ya ugonjwa huo katika sehemu kubwa ya Afrika hadi leo. Huko Muguga, nje ya Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, Walter Plowright na wenzake waliotesha virusi vya sotoka katika seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chupa hadi chupa mara 90 hivi mpaka vikapoteza ukali na kubaki na uwezo wa kukinga. Chanjo ile ilikuwa rahisi kuzalisha na ng'ombe mmoja alihitaji dozi moja tu. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia baada ya ndui. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Muguga ilibaki Kenya, na Tanzania ikapoteza kiti katika karakana iliyokuwa imechangia kuijenga.

Mfano mwingine ni Profesa Mark Rweyemamu, Mtanzania, daktari wa mifugo na mtaalamu wa virusi. Alifanya kazi katika maabara ya chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ya kampuni ya Wellcome, Pirbright nchini Uingereza, mahali ambapo virusi vilioteshwa kwa wingi katika matangi ya seli. Ujuzi tunaousema adimu Mtanzania alikuwa nao zaidi ya miaka 40 iliyopita, lakini aliutumia ugenini kwa sababu tangi lilikuwa huko. Baadaye alirudi na kuwa mwasisi wa SACIDS, mtandao wenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ambao umesomesha vijana wa uzamili na uzamivu kutoka nchi kadhaa katika baiolojia ya molekyuli na epidemiolojia ya magonjwa ya watu na wanyama kwa pamoja.

SACIDS ni miongoni mwa mambo mazuri tuliyonayo, na si peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya baiolojia ya molekyuli na bioteknolojia. Muhimbili (MUHAS) ina skuli ya famasia inayofundisha uzamili. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi na teknolojia pekee. Ukisoma vichwa vya tasnifu zinazotoka katika vyuo vya namna hii utaona mwelekeo: kutambua kimelea, kupima usugu wa dawa, kuchunguza mti shamba, kupima kiwango cha maambukizi katika wilaya fulani. Ni kazi za heshima. Lakini ni kazi za mwanzo wa barabara, na zinapendwa kwa sababu zinawezekana kwa bajeti ya mwanafunzi na kwa miaka miwili. Nani atampa mwanafunzi tangi?

Mahali palipokaribia kulijibu swali hilo ni Moshi. Katika Skuli ya Famasia ya Kilimanjaro, chini ya Wakfu wa Mtakatifu Luka, yalianzishwa mwaka 2008 mafunzo ya juu ya famasia ya viwandani kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani. Nyuma yake walikuwapo Profesa Stephen Byrn wa Purdue na Sista Zita Ekeocha, mtawa na mfamasia. Walichofanya ni cha kuigwa. Hawakuwangoja vijana wanaotoka shule. Waliwaita watu walioko kazini tayari, wakaguzi wa mamlaka za dawa na wafamasia wa viwandani, kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Waliwafundisha kwa vipindi vifupi vya mfululizo ili mtu asiache kazi yake: jinsi dawa inavyoundwa, inavyotengenezwa kwa kufuata kanuni za uzalishaji bora, na jinsi jalada la maombi ya usajili linavyoandikwa na kusomwa. Baadaye Purdue ikaongeza shahada ya uzamili ya bioteknolojia, ubunifu na sayansi ya udhibiti kwa wahitimu wa mpango huo. Mkaguzi na mzalishaji waliketi dawati moja, na kila mmoja akajua mwenzake anaogopa nini.

Hata hivyo Moshi iliegemea zaidi kwenye vidonge, na ilikuwa sawa, kwa kuwa ndivyo viwanda vyetu vingi vilivyo. Inachotufundisha ni umbo la shahada. Maudhui ya kibaiolojia yanahitaji mahali penye viumbe hai.

Upande wa pili wa barabara, kule inakoishia, tuna Bagamoyo. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo pale kimepima chanjo za malaria kwa kiwango ambacho dunia inakiheshimu. Jaribio kubwa la RTS,S, kuanzia 2009 hadi 2014, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Chanjo ya R21, iliyobuniwa Oxford, ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya, na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Dakta Ally Olotu na timu yake ya Bagamoyo wamepima pia chanjo ya RH5, inayolenga kimelea wakati kinaposhambulia chembe nyekundu za damu.

Wazazi wa Pwani waliwatoa watoto wao. Wauguzi wa Pwani walihesabu homa usiku. Vijana wa Kitanzania walipata uzamivu wao kutokana na damu na takwimu za kazi hizo. Kisha uzalishaji wa R21 ulikwenda Pune, kwa Serum Institute of India, na RTS,S ilikuwa ya GSK, Ubelgiji. Sisemi kwamba tumeibiwa. Makubaliano yalikuwa wazi na watoto wa Afrika wanafaidika. Nasema kwamba katika mnyororo mzima, kipande kilichotupita ni kile kinachoajiri wahandisi, kinachojenga viwanda na kinachompa mwenye nacho sauti ya kwanza dozi zinapokuwa chache. Mwaka 2021 tuliona maana ya sauti hiyo: India iliposimamisha kuuza nje chanjo za korona ili kuwahudumia watu wake, bara zima lilikaa foleni. Afrika hutengeneza takriban asilimia moja tu ya chanjo inazotumia. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la asilimia 60 ifikapo 2040.

Serum Institute yenyewe ina asili inayostahili kusomwa na kila mpangaji wa elimu yetu. Cyrus Poonawalla aliianzisha mwaka 1966 akitokea kwenye familia ya wafuga farasi. Farasi wa shamba lao walikuwa wakiuzwa kwa taasisi ya serikali ili kuzalishia dawa za kingamwili; yeye akaona kwamba anaweza kuitengeneza dawa mwenyewe. Leo ndiyo kampuni inayozalisha dozi nyingi za chanjo kuliko nyingine yoyote duniani. Hao nao walitokea zizini.

Na Cuba, waliotuuzia teknolojia ya Kibaha, walianzaje? Mwaka 1981 kikundi kidogo cha wanasayansi wao kilikwenda Helsinki kwa Kari Cantell, bingwa wa kutengeneza interferoni kutoka chembe nyeupe za damu. Hawakukaa miaka mitatu. Walikaa siku chache maabarani wakijifunza kila hatua kwa mikono, wakarudi Havana, wakaigeuza nyumba kuwa maabara, na kabla mwaka haujaisha interferoni yao ilitumika wakati wa mlipuko wa dengue. Miaka mitano baadaye, mwaka 1986, walifungua kituo kikubwa cha uhandisi wa jeni na bioteknolojia ambacho hadi leo kinazalisha chanjo na dawa. Waliotumwa Helsinki walijua watarudi kwenye meza ipi kufanya kazi ipi. Sisi huwapeleka vijana wetu ng'ambo mmoja mmoja, kila mmoja na mada aliyopewa na msimamizi wake wa huko, na tunashangaa wanapobaki.

Kuna pingamizi zito hapa, na silipuuzi. Watahitimu waende wapi? Uzamivu usio na ajira ni uchungu kwa kijana na hasara kwa mlipakodi. Simulizi la kiwanda cha viluwiluwi linaonyesha kwamba kujenga uwezo hakutoshi: mwaka 2017, miaka miwili baada ya uzinduzi, ilibidi Rais John Magufuli aagize halmashauri zote nchini zinunue bidhaa yake. Tangi lilikuwepo, mbu walikuwepo, mnunuzi ndiye aliyesuasua. Chanjo za binadamu zina ugumu zaidi, kwa sababu nyingi hununuliwa kwa jumla kupitia UNICEF kwa msaada wa Gavi, kwa bei ambayo mzalishaji mdogo hawezi kuishindania. Mfuko wa Gavi uliozinduliwa Juni 2024 kusaidia viwanda vya chanjo vya Afrika, wenye hadi dola bilioni 1.2, umekusudiwa kuziba pengo hilo, lakini unalipa chanjo zilizokwisha kupata ithibati ya Shirika la Afya Duniani. Ambaye hajafika hapo hapati kitu.

Ndiyo maana nasisitiza mifugo kwanza. Soko la chanjo za mifugo lipo, ni la kwetu, na mnunuzi mkubwa ameanza kujitokeza. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, serikali ikibeba sehemu ya gharama za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtaalamu atakayejifunza kuotesha, kukausha na kupima chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi amejifunza asilimia kubwa ya atakachohitaji siku kiwanda cha binadamu kitakapofunguliwa. Tofauti iliyobaki iko katika ukali wa vyumba safi na unene wa majalada. Majirani hawajalala. Kenya ina KEVEVAPI inayozalisha chanjo za mifugo tangu 1990, na mwaka 2021 iliunda Kenya BioVax kwa ajili ya chanjo za binadamu. Rwanda ilizindua Kigali, Desemba 2023, kiwanda cha makontena cha BioNTech, na ndiyo mwenyeji wa Wakala wa Dawa wa Afrika. Mhitimu wa Kibaha asipoajiriwa Kibaha ataajiriwa Kigali au Nairobi, na heri huko kuliko kukaa bila kazi, ingawa si kwa ajili hiyo tunamsomesha.

Idadi basi iwe ndogo. Naona wanafunzi kumi au kumi na wawili kwa mwaka wanatosha, nusu yao wakiwa watu wa kazini kutoka viwandani na kwa mdhibiti. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inahitaji viti vyake humo. Desemba 2018, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa mamlaka ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, sifa tunayojivunia kwa haki. Ila ngazi hiyo ilipimwa wakati nchi haina kiwanda cha chanjo za binadamu. Siku kitakapokuwepo, mdhibiti atalazimika kupima na kuruhusu kila bechi, na mpimaji lazima awe ameshaona bechi ikiharibika.

Tasnifu nayo ibadilike. Mwanafunzi wa shahada hii asiandike juu ya kitu kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiona; achukue chanjo inayozalishwa tayari na kuiboresha kwa kipimo kinachohesabika. Maswali yapo tele. Mbegu ya kideri, I-2, iliyochaguliwa na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilipendwa kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida na haidai hakimiliki kubwa. Kuku hudondoshewa tone moja kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini huoteshwa katika mayai, na mayai yaliyothibitishwa kuwa safi ni ghali na adimu. Je, inaweza kuoteshwa katika seli ndani ya tangi kwa bei ileile? Kichupa kikifunguliwa Dutumi saa mbili asubuhi na mchanjaji akazunguka nacho kwa pikipiki hadi alasiri, nguvu iliyobaki ni kiasi gani, na ni sukari ipi ikiongezwa wakati wa kukausha itaongeza saa mbili zaidi? Dozi ziwekwe ngapi katika kichupa cha kaya yenye kuku kumi na watano, ili mama asilazimike kumwaga dozi 85 kati ya 100? Hayo ni maswali ya uzamili kamili, yenye takwimu, kemia na uhandisi ndani yake, na majibu yake yangeingia kiwandani mwaka uleule.

Kwa uzamivu ningechagua dawa ya sumu ya nyoka. Ni dawa ya kibaiolojia kongwe: farasi huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijae kingamwili, kisha kingamwili hizo husafishwa na kuwekwa vichupani. Waumwao wengi ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini, watu wasio na uwezo wa kulipa, ndiyo maana kampuni kubwa zimeondoka. Sanofi Pasteur ilisitisha kuzalisha Fav-Afrique mwaka 2014, na bechi ya mwisho ilifikia ukomo wa matumizi mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa. Kazi hii inadai daktari wa mifugo wa kulea farasi, mtaalamu wa nyoka zetu wenyewe, mkemia wa kusafisha protini, na mfamasia wa kujaza vichupa; SUA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili kila kimoja kina kipande. Ni dawa ya binadamu inayotengenezwa kwa ujuzi wa zizini, kwa hiyo ndiyo ngazi ya kawaida kabisa ya kupanda kutoka chanjo za mifugo. Sioni mradi mwingine unaotufaa zaidi.

Mpangilio wa kuanzia haudai jengo jipya. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza kama mradi wa nchi za Nordiki mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, lipo palepale, likiwa na ardhi, shule na hospitali ya Tumbi jirani. Mabweni na madarasa machache yanaweza kupatikana humo. Digrii itolewe na SUA na Muhimbili kwa pamoja. Kigumu ni mkataba na viwanda. Meneja wa uzalishaji ana haki ya kuogopa mwanafunzi karibu na bechi yake, hivyo litahitajika tangi dogo la mafunzo, la lita 50 au 100, lililotengwa na mstari wa biashara, pamoja na kikaushio kidogo na chumba safi cha kujazia. Mradi wa HEET, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425 kuanzia 2021, ulilenga kusomesha wahadhiri na kujenga maabara za vyuo vikuu. Utakaoufuata unaweza kuandikwa kwa sharti moja la ziada: kwamba vifaa vya uchachushaji vitakavyonunuliwa visifungwe Morogoro wala Muhimbili, vifungwe Kibaha, na fundi wa kuvitunza awe na ajira ya kudumu kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa.